Kijiji Ulichoniachia

Kitengela,
8 Februari 2009

Kwa kaka Nalianya,

Pokea salamu zetu sote. Mimi ni mzima, ila vumbi la barabara hii wanayochimba limetuziba pua tangu Krismasi. Whitney alikohoa wiki nzima lakini sasa anacheza, na juzi alimwambia jirani kwamba baba yake anafundisha twiga. Shemeji Nasike ni mzima. Mama aliandika kutoka Kimilili: mahindi yalikuwa mazuri, na anauliza kama huko ulikopelekwa kufundisha watu wanakula ugali.

Kuhusu kazi, nimeanza pale Kajiado katika ofisi ya ushirika wa wafugaji. Mimi ni karani wa majaribio mpaka mwisho wa Julai. Bwana Kisemei, meneja wetu, alinieleza siku ya kwanza: nikifaa nitathibitishwa, nisipofaa nitarudi kwa mama. Hakuwa anatania. Kwa hiyo, kaka, yasome yanayofuata ukijua kwamba kwa sasa naogopa makosa kuliko njaa.

Jambo lenyewe ni Chetambe. Uliponionyesha kijiji chako cha mchezo kwenye kompyuta pale saiba ya Mumbi, siku ile kabla hujapanda lori, ulisema ni kazi ya kuchungulia tu: kuingiza neno la siri, kuangalia mashamba na mbao na chuma, kuongeza ukuta, kutoka. Nimefanya hivyo kila jioni nikitoka kazini. Nafaka sikuigusa hata punje. Niliiacha ijae ghalani ili uikute. Jumanne nilikuta ghala tupu. Mchezaji anayejiita Baroni alikuja tukiwa kazini akabeba yote, na keshoye akaja tena. Kumbe mchezo huu unaendelea hata usipokuwepo, jambo ambalo hukunieleza vizuri.

Askari wako wenye mikuki wapo wote. Sikuwatuma popote kwa sababu ni wako. Naomba idhini yako kwa maandishi: nimrudishie Baroni mashambulizi, au nisubiri? Barua hii nampa Kakuta, dereva wa lori la duka, ambaye anasema hupita shuleni kwenu akipata mzigo.

Ni mimi mdogo wako,
Lennox Wanjala


Osoit-Oibor,
1 Machi 2009

Ndugu mdogo Lennox,

Supa. Ndivyo tunavyosalimiana huku. Mimi sijambo. Mwambie mama ugali upo, maji ndiyo hakuna. Mvua imekataa kabisa. Mtandao wa simu nao haupo. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya shule, simu inakukaribisha Tanzania kisha inazimika. Hongera kwa kazi. Nilijua utaipata, wewe tangu darasa la kwanza ulikuwa unapiga mstari chini ya tarehe kwa rula.

Sasa hii habari ya idhini. Lennox, mtu anaibiwa, na badala ya kupigana anaandika barua na kuituma kwa lori? Kakuta alikaa nayo wiki mbili akingoja mzigo. Utakapoisoma hii, sijui hata kama kijiji kitakuwa bado kimesimama.

Sikiliza. Katika mchezo huu nafaka haiwekwi. Ghala likijaa, ni kama umewapigia wezi kengele. Kila punje igeuze iwe askari au ukuta. Pili, omba kujiunga na muungano unaoitwa Ngao ya Kusini. Mkuu wao tunafahamiana, tumepigana pamoja mwaka mzima. Tatu, kuchungulia jioni peke yake hakutoshi. Nasikia ofisi za Kajiado sasa zina mtandao. Ingia asubuhi kidogo na mchana kidogo, nani atajua?

Na uache hofu. Ni mchezo wa bure. Kuna Wazungu wanaonunua dhahabu ya mchezo kwa kadi za benki ili majeshi yao yakue haraka, lakini sisi tusiolipa tunawashinda kwa kukesha macho. Hakuna unachoweza kupoteza.

Ukuta ufike kiwango cha kumi. Msalimie Nasike.

Kaka yako,
Nalianya


Kitengela,
29 Machi 2009

Kwa kaka Nalianya,

Salamu tena kutoka nyumbani. Tuko salama, namshukuru Mungu. Whitney ameota jino la nyuma na hataki mtu aliangalie. Mzee Joram, mwenye ploti tunayopanga, ametuongezea saa za kufungiwa maji. Huku Kajiado ng'ombe wameanza kuanguka njiani. Ofisi yetu imejaa watu kuanzia asubuhi, na Bwana Kisemei hacheki tena hata na wageni.

Barua yako ilinifikia wiki mbili zilizopita. Nimetii yote kwa mpangilio ulioandika. Nafaka niliigeuza askari. Kisha niliomba kujiunga na Ngao ya Kusini, nikawaeleza kwa heshima kwamba ninamwakilisha mchezaji aliye safarini. Sijui yaliyotokea baina yenu tangu uondoke, lakini yule mkuu mnayefahamiana alinijibu kwamba mtu asiyeingia mchezoni mwenyewe ni chakula. Jioni ile ile alituvamia yeye na Baroni pamoja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia Baroni mwenyewe. Niliandika kwa Kiingereza kizuri, nikaweka kichwa kuhusu uvamizi wa kijiji cha Chetambe, nikamweleza kwamba mwenyewe hayupo, na nikamwomba asitishe mashambulizi hadi likizo. Alinirudishia alama ya uso unaocheka. Keshoye akaleta magogo ya kubomoa ukuta. Mumbi alipoisoma barua yangu kwenye kompyuta alicheka mpaka akaketi. "Karani," aliniambia, "si ungemgongea na muhuri kabisa?"

Nimeanza kuingia nikiwa ofisini. Nalificha dirisha la Chetambe nyuma ya orodha za wafugaji. Kila mlango ukilia, nalifunga haraka. Umeandika kwamba hakuna ninachoweza kupoteza. Nakukumbusha Julai.

Kuna lingine. Kila barua yako inapofika, shemeji huacha alichokuwa anafanya. Ile ya mwisho alinikuta naisoma mlangoni mwa chumba changu.

"Anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Na nini kingine?"

"Anasema ukuta ufike kiwango cha kumi."

"Ukuta gani?"

Nikamwambia ni mambo ya shule. Akarudi kufua. Kaka, likizo ya Aprili inaanza wiki ijayo. Je, tukutarajie siku gani, ili nimwambie?

Mdogo wako,
Lennox


Osoit-Oibor,
10 Mei 2009

Ndugu Lennox,

Natumaini nyote ni wazima. Huku hali ni mbaya. Wazee wamehamisha mifugo kuelekea mpakani na watoto wamekwenda nao. Darasa langu lina wasichana watatu na mbuzi wa mwalimu mkuu. Nafundisha kuta.

Likizo ilinipita. Mtu alihitajika kulinda shule, nikajitolea. Usimpe Nasike maneno mengi juu ya hilo.

Kuhusu Chetambe: ulimwandikia adui barua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea kukuelewa. Lennox, yule si wakili wa kesi. Mwonyeshe mkuki. Usiandikie mtu yeyote tena. Tengeneza askari wa ulinzi tu, wengi, na uingie mara nyingi zaidi, hata kila saa ikiwezekana. Kama Ngao ya Kusini wametugeuka, basi tuko peke yetu, na aliye peke yake hana haki ya kusinzia.

Mimi hukaa hapa jioni nikipanga vita kwa kijiti mchangani, halafu mbuzi anapita juu ya jeshi langu. Wewe uko na kompyuta mbele ya macho yako siku nzima na unaniambia unaogopa mlango.

Kaka yako,
Nalianya


Kajiado,
21 Juni 2009

Kwa kaka Nalianya,

Nakusalimu. Whitney na mama yake hawajambo. Mama wa Kimilili anaumwa goti. Hayo ndiyo ya nyumbani, na leo sitayarefusha, kwa sababu nina uchungu na nataka niuandike kabla haujapoa nikaanza kukuomba radhi.

Ijumaa iliyopita nilifungua Chetambe ofisini nikakuta kambi tupu. Askari wote niliowatengeneza tangu Machi hawakuwepo. Nilidhani tumeibiwa neno la siri. Kisha nikaona taarifa: jeshi lilitumwa Alhamisi mchana kwenda kupiga makao ya Ngao ya Kusini, mbali sana, na lilikuwa bado njiani. Aliyelituma aliingia kwa neno lako la siri. Nilipomuuliza Kakuta, alijibu bila wasiwasi wowote: "Si nilimleta mwalimu Alhamisi? Alikuwa na shughuli ofisi ya elimu. Halafu akaingia pale saiba ya stendi, nikamngoja sana."

Saiba ya stendi, kaka. Ukitoka mlangoni pake unaona dirisha ninalokaa mimi. Ulikuja Kajiado, ukakaa hapo, ukatuma jeshi, ukapanda lori ukaenda. Hukuvuka barabara kunisalimu. Kwetu hata mgomvi akipita karibu na boma lako hupiga hodi. Na Kitengela ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Shemeji sijamwambia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Baroni naye anaona kambi ikiwa tupu. Ijumaa hiyo hiyo alileta watu wake. Nilikuwa na muda kidogo wa kuokoa nafaka, nikaanza kuipakia kwenye mikokoteni ili niipeleke kwa kijiji jirani. Mbele ya dirisha langu alikuwa amesimama mzee mmoja wa upande wa Kisaju, amekuja kuandikisha ng'ombe wake waliobaki, wale wanaonunuliwa kabla ukame haujawaua. Akasema, "Kijana, niandikie." Nikasema, "Kidogo tu, mzee." Akangoja. Akasema tena. Nikasema tena. Sikumsikia Bwana Kisemei akija nyuma yangu.

"Lennox, hii ni nini?"

"Ni kijiji, bwana."

"Kijiji ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Iko wapi?"

"Haiko mahali, bwana."

Mzee akainama kuchungulia, akauliza kwa Kimaasai, na Bwana Kisemei akamjibu kwa Kimaasai, na watu wote kwenye benchi wakacheka isipokuwa mzee. Kisha Bwana Kisemei akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu ng'ombe zake ziko mahali. Kwa sasa. Andika." Nikaandika. Jina la mzee likatoka vibaya, nikalirudia. Jioni aliniita ndani. "Nikiona hiyo kijiji tena," alisema, "utaenda kuishi huko."

Baroni alichukua kila kitu. Jeshi lako lilifika kwa Ngao ya Kusini likafa lote ukutani mwao.

Naomba unijibu jambo moja tu, nalo si la Chetambe. Kwa nini hukuvuka barabara?

Lennox


Osoit-Oibor,
12 Julai 2009

Ndugu Lennox,

Salamu. Mpe mama pole ya goti.

Lori lilikuwa linarudi. Kakuta hangoji mtu, anasema uongo akisema alinisubiri sana. Nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na sikutaka meneja wako aone kwamba ndugu yako ni mtu wa namna hiyo. Tuache hayo.

Jeshi lingeshinda kama ulinzi wao usingeongezwa. Walinunua dhahabu, nina hakika. Nilikuwa nimengoja wiki nyingi kuwafunza adabu wale waliotusaliti, na ningekuambia, lakini wewe ungeomba idhini ya maandishi.

Lennox, usiiache Chetambe. Najua unafikiria hivyo, nimekusoma kwenye mistari. Hujui ilivyokuwa. Nilianza na shamba moja na kibanda, wakati ule kila nikirudi nyumbani naambiwa nimechelewa, nimesahau, sikufikiria. Pale kwa Mumbi nilikuwa mtu ambaye watu wa Poland na Brazili wanamngoja aseme neno. Huku hata mbuzi hawaningoji. Ingia ukiwa chooni kwa simu ya rafiki, ingia wakati wa chakula, fanya utakavyo, ila isife mikononi mwako. Tuliishi nyumba moja tangu utotoni. Sijawahi kukuomba kitu kingine.

Nasike asijue kwamba nilikuja.

Nalianya


Kitengela,
16 Agosti 2009

Kwa kaka Nalianya,

Salamu kutoka kwetu sote watatu. Goti la mama limepona, na sasa analalamikia la jirani. Whitney ameanza shule ya chekechea. Ana sare ya kijani na anakataa kuivua.

Nimethibitishwa. Bwana Kisemei alinipa mkono tarehe ya mwisho ya Julai, akasema wafugaji wananisifu kwa kuandika majina yao bila makosa. Sikumweleza sababu ya kuwa mwangalifu hivyo.

Tangu siku ile ya Juni sijaifungua Chetambe ofisini hata mara moja. Wala sikuiacha ife. Nimefanya jambo jingine, na safari hii siombi idhini. Nakujulisha tu.

Barua yako ya Julai niliikunja nikaiweka mfukoni, na kwa siku kadhaa sikuweza kula vizuri. Jumamosi moja shemeji alikuwa jikoni anakoroga uji wa Whitney. Akaniambia, "Shemeji, unakonda. Umefukuzwa kazi unaficha?" Nikamwambia hapana. Halafu nikamweleza yote. Kijiji, ghala, Baroni, Bwana Kisemei, hata ile Alhamisi. Uliniandikia asijue. Nimeshindwa kulibeba hilo, nawe hukupaswa kunipa.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Hiyo kitu ya kaka yako inachezewa wapi?"

"Kwa Mumbi. Pale pale."

"Mumbi mwenye nanunua kwake vocha kila siku?"

"Huyo huyo."

"Miezi yote hii unahangaika, unataka kupoteza kazi, na mimi niko hapa mtoto akienda shule sina la kufanya mpaka saa sita. Hakuna mtu alifikiria kuniuliza?"

"Kaka hakusema."

"Kaka yako hajawahi kusema. Hii kazi ya huko mbali nilijua ameichukua nilipoona sanduku mlangoni. Haya, leta neno la siri."

Hapo nilisita, kwa sababu unalijua neno lenyewe. Sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nikamwambia ni jina lake, na mwaka mliooana. Alisimama na mwiko mkononi mpaka uji ukaanza kunuka moshi.

"Kwa hivyo jina langu linafungua kila siku," alisema, "na mimi nimefungiwa nje."

Kisha akautoa uji motoni, akaukwangua, akampa Whitney ulio juu. Jumatatu alikwenda kwa Mumbi.

Kaka, sikujua mtu anaweza kucheza vile. Siku za kwanza hakugusa chochote, alisoma tu taarifa za mashambulizi yote tangu Februari. Akagundua kwamba Baroni huja karibu kila mara katikati ya asubuhi, sisi tukiwa kazini. Basi akaacha ghala likajaa makusudi, nami nikipita pale jioni naziba macho. Askari wote aliokuwa ametengeneza akawatuma kwenye kile kijiji jirani kama wageni, hata kambi ikaonekana tupu. Baroni alipotoka kwake, shemeji akawaita warudi. Walifika kabla yake kidogo tu. Hakurudi mtu wa Baroni hata mmoja. Mumbi alifunga saiba kwa muda akaleta soda.

Baroni aliandika kuuliza ni nani sasa anayekaa Chetambe. Shemeji alijibu kwa neno moja, "Mwenyewe." Tangu wiki jana vijiji vitano vimeomba kujiunga chini yake.

Pia amebadilisha neno la siri. Mimi silijui. Alitaka kuniambia, nikamwomba asiniambie, kwa sababu najijua: ungeniandikia barua moja kali, ningekupa.

Mdogo wako,
Lennox


Kajiado,
10 Septemba 2009

Ndugu Lennox,

Nakuandikia hii nikiwa kwenye benchi la ofisi yenu. Karani mwenzako Margaret amenipa karatasi. Anasema umekwenda na meneja kuhesabu mifugo na hamtarudi leo. Lori linaondoka.

Barua yako ilinikuta shuleni wiki jana, na sikuiamini. Nimeingia saiba ya stendi nikajaribu neno la zamani, likakataa. Nikajaribu jina la Whitney. Nikajaribu jina la mama, na Kimilili, na siku yangu ya kuzaliwa, ingawa hilo nilijua ni kujidanganya. Mchezo ukanifungia. Nikaweza tu kukiona kijiji kwa nje, kama mpita njia yeyote. Kimekuwa kikubwa sana, na karibu yake kuna vingine vyenye bendera yake.

Sikukasirika kama nilivyotarajia. Nilikaa pale nikitazama, mpaka mwenye saiba akaniuliza kama nimefiwa.

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwa wiki ya mwisho wa mwezi. Wanafunzi hawapo hata hivyo. Unadhani nikija Nasike atanifungulia? Usinifiche. Na umwambie kwamba leo nilivuka barabara.

Nalianya


Kitengela,
20 Septemba 2009

Kwa kaka Nalianya,

Tunakusalimu. Margaret alinipa barua yako, nami nilisikitika kukukosa. Tulikuwa nyuma ya Kisaju, ambako hata punda sasa wanalala wasiamke.

Swali lako sikulijibu mwenyewe. Nilimpa shemeji barua yako aisome, maana safari hii ilikuwa na jambo la kusomwa. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Nikamuuliza nikuandikie nini. Akaenda kuanika nguo kwanza. Aliporudi alisema hivi, na nanukuu kama alivyosema, nisije nikalaumiwa na mmoja wenu:

"Mwambie aje. Lakini asije asubuhi. Asubuhi niko na vita."

Mdogo wako,
Lennox